AnkiDroid kwa watoto wa sekondari: programu iko bien, pake za bure njo shida

Wazazi wananiuliza kila wakati: prof, mutoto eko umanite, anataka kiingereza ya juu, tumununulie kamusi gani ama tumupeleke senta gani? Siku hizi jibu yangu ni programu moja ya telefone, AnkiDroid, tena ya bure. Naandika hapa juu wengi wanaiweka mu telefone, wanaitumia siku chache, wanaifuta, kisha wanasema haina maana. Iko na maana, lakini si vile wanaitumia. Nyota nne kwa tano, na ile moja nimeitoa kwa roho nyeupe.

Kwa wenye hawaijui: Anki yenyewe ilitoka 2006, iliandikwa na Damien Elmes, na AnkiDroid njo ile ya Android. Ni kadi tu. Mbele swali, nyuma jibu. Unaangalia, unajaribu kukumbuka, unageuza, halafu unajihukumu mwenyewe kwa kubonyeza kama umesahau, kama ilikuwa ngumu, iko sawa ama ilikuwa mchezo. Yenye umesahau inarudi papo hapo, yenye unaijua inarudi kisha siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Hiyo akili haikuanza na telefone, Ebbinghaus kule Ujerumani alipima toka 1885 namna kichwa inasahau, na 1972 Sebastian Leitner akaonyesha watu namna ya kufanya na kadi za karatasi na sanduku. Programu inakufanyia tu hesabu ya tarehe.

Kwa maisha ya hapa Lubumbashi iko na uzuri moja mukubwa: ukisha kuiweka, haikuombi mega za intaneti. Hakuna piblisite ya kukurukia kwa uso, hakuna kulipa kila mwezi, menyu unaweza kuiweka kwa kifaransa, na hata zile Itel za zamani zenye kioo imepasuka zinaibeba bila shida. Kwangu darasani mmoja anatengeneza pake ya kadi, wakati wa rekreasio wenzake wanamuzunguka na Bluetooth, kabla kengele ilie kila mtu iko nayo. Courant ikikatika usiku, mwenye iko na batri kidogo anaendelea kusoma mu giza. Na kuna sauti pia, ile sauti ya telefone yenyewe inakusomea sentensi kwa kiingereza, sauti ya mashini kweli, lakini kwa mutoto mwenye hajasikia mtu akitamka "although" hata siku moja inasaidia.

Sasa ubaya.

Ukiingia pale watu wanagawa pake zao bure, utakuta nyingi zenye kichwa cha kuvuta, maneno ya juu ya kiingereza kwa wanafunzi wa sekondari. Mingi kati yake ilitengenezwa juu ya SAT, ule mtihani vijana wa Marekani wanafanya kwa kutafuta nafasi chuo. Na SAT yenyewe iliachana na hayo mambo! 2005 walitoa maswali ya analojia, yale ya kulinganisha maneno mawili mawili, 2016 wakatoa na yale ya kujaza sentensi na maneno yenye mtu anaweza kuzeeka bila kuyasikia. Leo wanakuuliza neno ndani ya kifungu kifupi, lina maana gani ama lipi linafaa kwa pengo, basi. Lakini orodha za zamani bado zinatembea mu intaneti kama nguo za kombo, na watoto wetu njo wanazivaa.

Mbaya zaidi kuna senta moja hapa mjini, jina naliacha, inauza orodha hiyo hiyo mu silabisi ya fotokopi, neno upande huu, kifaransa upande ule, hakuna sentensi hata moja, na wanalipisha kwa dola. Kijana mmoja aliniletea yake, eko na furaha, ameshika "lachrymose" na "pulchritude" kwa kichwa. Nikamuuliza, sasa mwanangu, hizo utaambia nani, dereva wa makamyo pale Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia?

Na hapa njo pale ninabishana na hata maprof wenzangu. Kile Mmarekani anaita neno gumu, kwa mutoto mwenye kusoma kwa kifaransa mara nyingi si gumu. Toka Wanormandi wa Ufaransa waingie Uingereza 1066 kiingereza imekula kifaransa mingi sana, na ile kifaransa na kilatini njo imejaa mu vitabu vya masomo, mu sheria, mu siansi. Chukua orodha ya 2000 ya Averil Coxhead, mtafiti wa kiingereza, familia 570 za maneno ya masomo (neno moja na yote yenye kutoka kwake), zinafunika karibu 10% ya maneno mu maandishi ya chuo. Ni orodha ya maana, naiheshimu. Lakini fungua tu sehemu ya kwanza: concept, context, function, method, period, structure, theory. Mutoto wa Kamalondo anayajua yote kabla prof hajafungua mdomo. Kutengenezea "structure" kadi ni kumaliza batri bure.

Mu orodha ile yenye kustahili kadi ni yale yenye sura ya kifaransa na roho ingine. "Issue" ni jambo la kujadiliwa, haihusu kutoka popote kama kwa kifaransa. "Evidence" ni ushahidi, wala si jambo la wazi lenye halina haja ya kuelezwa. "Eventually" ni mwishowe, jambo lilifika, wakati mutoto wetu anasoma labda. Neno moja la hivyo linageuza maana ya kifungu kizima, na ku Egzame d'Eta, mtihani wa kumaliza sekondari, yenye unachagua asersio (jibu) moja, asersio ya uongo mara nyingi inakaa pale pale penye ule mtego.

Kisha maneno mafupi. Haya njo yanatuua kabisa, na sijaona pake ya bure yenye inayahesabu kuwa maneno ya juu, sababu yanaonekana ya watoto wadogo: unless, hardly, yet, put up with, give in, turn down. Siku moja tulikuwa tunasoma sentensi moja ya mine, the miners hardly ate, kijana mwenye akili sana, wa kwanza wa darasa, akaeleza kwamba wachimbaji walikula kwa nguvu sababu kazi ni ngumu. Darasa nzima ikakubali. Yule kijana anajua "photosynthesis", anajua "constitutional", na wachimbaji wake wameshiba wakati walilala njaa.

Kwa hiyo vile naitumia: pake za bure zote chini. Mwanafunzi anatengeneza kadi zake mwenyewe, tena kwa sentensi, neno peke yake halifai. AnkiDroid iko na aina ya kadi yenye inaficha neno ndani ya sentensi na kuacha pengo, hiyo njo bora. Binti mmoja kutoka Katuba ameandika hivi: The neighbours have to put up with the noise of the mill. Programu inaficha "put up with", nyuma inaonekana jibu na chini yake ameongeza yeye mwenyewe: kuvumilia, kama sisi na mashini ya kusaga ya papa jirani toka asubuhi. Hiyo kadi hataisahau. Ile ya silabisi yenye imeandikwa tu "put up with: supporter" angeisahau kesho yake, na tena "supporter" ingemutuma mu mpira.

Angalisho moja hapo: kadi yenye kosa itakufundisha kosa kwa uaminifu, kila wiki, mpaka likomae. Muonyeshe prof ama yaya, ndugu mukubwa, mwenye kusikia kiingereza kabla ya kuanza kuikariri.

Ingine ni hesabu. Ukiiacha vile ilivyo, inakuletea kadi mpya 20 kwa siku, na mutoto wa siku za kwanza anaona raha, anamaliza 20, anaomba zingine. Kadi zote hizo zinarudi. Ongeza siku mbili bila courant, ongeza interro ya fizike, akifungua tena anakuta kadi mia na kitu zinamungoja, anafunga, na hapo njo mwisho wa hadithi. Weka 5 mpya kwa siku. Wanaonicheka kwa hiyo 5 ni wale wale wenye waliifuta.

Nyota yenye nilitoa: sura yake haivutii, sehemu ya kurekebisha imejaa maneno ya mafundi, na mara ya kwanza karibu lazima mtu akuonyeshe. Tena haikufundishi kusoma. Kadi zinatoka ku kitu umesoma, na kama mutoto hasomi kitu kwa kiingereza hana cha kuweka ndani. Mimi nawatuma ku matangazo ya kazi ya makampuni ya mine, yanaandikwa kiingereza mara nyingi, yako bure, na mzazi naye anaona faida bila kuelezwa.

Wenye iPhone mujikaze, ile ya kweli ya Anki inauzwa dola 24,99, unalipa mara moja. Kuna zingine zenye jina karibu sawa na zinaomba malipo kila mwezi, hizo si yenyewe. Ku kompyuta ni bure, na mu navigateri ya telefone unaweza kufungua AnkiWeb bure, lakini hapo mega zinahesabika. Na kabla mutoto hajauza telefone ama hajaipeleka kwa fundi, atoe kopi ya pake yake, faili moja tu, aitume kwa rafiki. Nimeona watu wakipoteza kazi ya mwaka nzima.

Mwenye hana telefone asilie. Bristoli ukate kadi, sanduku la viatu uligawe vyumba vitano. Kadi mpya zote zinaanza chumba cha kwanza, hicho unakipitia kila siku, cha pili kila siku mbili, cha tatu mara moja kwa wiki, vya mwisho unavipa nafasi zaidi. Ukijibu, kadi inasogea mbele, ukishindwa inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa imefika cha tano. Sentensi yenye pengo mbele, jibu nyuma, kama mu telefone tu, na kwa kalamu ya risasi ili prof akiona kosa ulifute.