Marathon: full mbili ndani ya wiki chache, ama full moja na half (nusu marathon)?

Hii mjadala haiishi kwa magrupu za kukimbia Nairobi. Tuanze na mwili, ndio kitu kubwa. Kilomita 42.195 zinachana misuli vibaya, hasa kama umetoka marathon ya Lewa, Juni, barabara ya murram na vilima na unazunguka loop mara mbili, wiki hiyo utashuka ngazi za ploti ukienda kinyumenyume. Full mbili ndani ya wiki tatu inamaanisha ya pili hutaifanyia mazoezi, unapumzika tu, unajogi kidogo Karura halafu unaenda. Hata Kipchoge kwa miaka mingi alikuwa anakimbia mbili kwa mwaka, sio kwa mwezi.

Lakini kwa muda full mbili inashinda, zile long run za Jumapili alfajiri unazifanya msimu mmoja zinakulipa mara mbili. Pesa, half ni afadhali, ada ya kujiandikisha iko chini.

Unatafuta PB (muda wako bora kabisa)? Chukua full moja, half iwe ya kujifurahisha. Unataka medali na kumaliza tu, na goti halikusumbui? Enda zote, ya pili polepole, ukisikia maumivu ya upande mmoja acha mbio hapo hapo.