Dataclass ya Python: msaada wa kweli au mapambo?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika. Bidhaa yenyewe haina boksi, haina chaja, na bei yake ni bure: ni dataclass, zana ya kukuandikia sehemu za klasi zinazojirudia, iliyoingia kwenye lugha ya programu ya Python toleo la 3.7, mwaka 2018. Nimeitumia kuandika daftari la madeni la duka la shangazi yangu, kwa hiyo haya sikuyasoma tu mahali, yamenipata.

Kwa wageni kidogo, wenyeji mtanisamehe. Klasi ni kalibu ya matofali, objekti ni tofali. Kalibu moja, matofali mengi, na kila tofali lina maisha yake. Ila mfano huu una tundu. Tofali likishatoka kwenye kalibu halirudi tena, lakini objekti ya Python inarudi. Ukiiomba sifa fulani, yaani taarifa inayobeba kama jina au simu, inaitafuta kwake kwanza. Ikiikosa, inakwenda kumuuliza kalibu, yaani klasi yake, na klasi nayo ikikosa inapanda kwa klasi mama. Hilo likae kichwani, maana ndilo lililoniumbua.

Tuanze na klasi ya kawaida, ile ya kuandika kwa mkono. Nataka Mteja mwenye jina, simu na deni. Tazameni hapo kwenye skrini, ndani ya __init__, sehemu inayoipa objekti sifa zake inapoumbwa. Neno "jina" nimeliandika mara tatu: kwenye mabano, baada ya self (yaani objekti yenyewe) na nukta, halafu tena kulia kwa alama ya sawasawa. Sifa tatu, maneno tisa. Ukiwa na sifa kumi ni thelathini, na mkono uliochoka haukosi kukosea herufi. Halafu ukimchapisha huyo mteja uone nani, Python inakujibu kwamba ni objekti ya Mteja iliyoko anwani fulani ya kumbukumbu. Asante sana! Na ukiumba wateja wawili wenye jina lile lile na simu ile ile, ukauliza kama ni sawa, unaambiwa hapana, kwa sababu isipoelekezwa vingine inaangalia tu kama ni objekti ile ile moja.

Sasa dataclass. Juu ya klasi unaweka @dataclass, chini yake unaorodhesha: jina: str, simu: str, deni: int = 0; str ni maandishi, int ni namba kamili. Basi. __init__ unaandikiwa, chapisho linalosomeka unapewa, na ulinganisho unaangalia yaliyomo ndani. Wazo hili halikudondoka mbinguni. Maktaba ya attrs ya Hynek Schlawack ilikuwa inafanya kazi hiyo tangu zamani, na Eric V. Smith ndiye aliyeandika pendekezo, PEP 557, lililoleta dataclass ndani ya Python yenyewe.

Lakini kilichonifanya niipende ni kisa cha sukari. Toleo la kwanza la daftari la shangazi niliandika kwa klasi ya kawaida, na kwa uvivu nikaweka madeni = [] moja kwa moja chini ya jina la klasi. Nikamwandikia mama muuza vitumbua kilo mbili za sukari. Kumfungua fundi baiskeli, sukari ipo. Mwalimu wa madrasa, sukari ipo. Mtaa mzima unadaiwa sukari ya mtu mmoja! Shangazi akaniangalia: "Mwanangu, hiyo kompyuta yako inakopesha kwa niaba yangu?"

Mmeshaona ilikotokea? Ile orodha ni ya kalibu, si ya tofali. Kila mteja akiulizwa madeni yake, kwake hayapo, anapanda kwa klasi, na huko kuna orodha moja ya wote. Dataclass ukiiandikia orodha hiyo kama sifa yake, madeni: list = [], inakataa pale pale, kabla hujaumba mteja hata mmoja, na inakuelekeza utumie default_factory. Unaandika field(default_factory=list), na kila mteja anapata orodha yake mpya. Mlinzi mzuri, ila ana usingizi kidogo: ukiweka objekti ya klasi uliyoitunga mwenyewe kuwa thamani ya kuanzia, kwa kawaida anaipitisha, na wateja wote wanaichangia kama kawa.

Nilipoichukia ni hapa. Umeandika deni: int, unadhani umelindwa. Hujalindwa. Ile int ni maelezo tu, wakati programu inakimbia hakuna anayekagua. Deni likasomwa kutoka kwenye faili likiwa maandishi, "5000". Nikazidisha kwa mbili nipate elfu kumi. Nikapata 50005000. Milioni hamsini, kwa unga wa ngano! Dawa ni kukagua mwenyewe ndani ya __post_init__, inayokimbia mara tu __init__ ikimaliza, au kupitisha msimbo kwa mypy, programu inayokagua maelezo kama yale ya int, kabla ya kuukimbiza. Mimi nafanya yote mawili, siku hizi simwamini mtu.

Kama una toleo la 3.10 kwenda juu, weka slots=True kwenye mabano ya @dataclass. Bila hiyo, ukikosea ukaandika mteja.dani = 500, Python inakuumbia sifa mpya ya "dani" kimya kimya, na deni halisi linabaki palepale. Ukiiweka, inakurushia kosa. Ipo pia frozen=True ya kuzuia sifa zisibadilishwe, lakini kwa daftari la madeni haina kazi, maana watu hulipa. Wengine hulipa.

Je, uichukue? Kama objekti yako kazi yake kubwa ni kubeba taarifa, kama mteja, risiti au bidhaa, chukua leo. Kama kazi yake kubwa ni vitendo, mfano kushika mawasiliano na printa, baki na klasi ya kawaida. Na wewe uliyeanza mwezi huu, andika __init__ kwa mkono kwanza mpaka uichoke, ndipo uje huku.

Msimbo wote wa daftari nauacha kwenye skrini sekunde kumi, simamisheni video mnakili. Fundi baiskeli nimeshamfutia ile sukari. Mwalimu wa madrasa yeye aliilipa kabla sijagundua, na shangazi mpaka leo hataki kuizungumzia.