Scrambled Exif, apu ya kufuta maelezo yaliyojificha ndani ya picha: uzoefu wangu baada ya mteja kunifuata mpaka nyumbani

Mimi nashona madera nyumbani Mbagala, wateja wangu wa WhatsApp, mzigo natuma kwa bodaboda, sijawahi kumwelekeza mtu kwangu maana naishi na wanangu wawili tu. Sasa juzikati Jumapili jioni mwanaume anagonga geti, eti kaja kuchagua kitambaa mwenyewe. Nikamuuliza umepajuaje hapa? Akanionyesha picha ya dera niliyomtumia, kafungua maelezo yake chini, ramani hii hapa na kile kialama chekundu kimekaa juu ya bati langu kabisa. Hakuwa na nia mbaya lakini usiku ule sikulala.

Mdogo wangu ndo akanifumbua macho. Kumbe ukituma picha kawaida WhatsApp inaibana na lokesheni inatoka, ila mimi nilikuwa natuma kama dokyumenti ili rangi za kitenge zisififie, na hivyo faili linaenda lilivyo, aina ya simu, tarehe, saa mpaka sekunde, na mahali nilipopigia.

Akaniwekea Scrambled Exif kutoka F-Droid, lile duka la apu za bure, ni ya Android, bure kabisa. Ukiwa kwenye galari unachagua picha, unabonyeza kushea, unaipa hiyo apu, inafuta yote halafu inakuuliza uitume wapi, basi. Ya kwako kwenye simu inabaki kama ilivyokuwa. Nilijitumia moja kabla na moja baada, ya kwanza ramani ipo, ya pili patupu, na rangi ya kitenge ileile. Inabadilisha na jina la faili, hapo mwanzo ilinivuruga kwa sababu mimi naandika bei kwenye jina, ila kwenye setingi unaizima.

Video haigusi, na mimi video za mitindo natuma sana, kwa hiyo nikaingia kwenye setingi za kamera nikazima lokesheni, na kusema kweli hilo ndo lingekuwa la kwanza. Ila ukizima ni kwa picha mpya tu, za zamani bado zimebeba, hizo ndo napitisha kwenye apu moja moja.

Apu naipa nyota tano. Kinachoniuma ni zile nilizotuma miaka miwili yote, muda wa kuzifuta kwa wote ulishapita, ziko kwenye simu za watu nisiowajua hata sura. Geti nimeongeza komeo.