Mashine ya presha ya kifundo cha mkono: nyepesi kubeba, rahisi kukudanganya

Mashine hizi ndogo za betri zinamfaa mtu mwenye mkono mnene, ambaye mkanda wa kawaida, wa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32, haumtoshi. Kwa wengine tunapendekeza ile ya mkono wa juu, na sababu kubwa ni mkao.

Damu ina uzito. Mkanda ukishuka sentimita 10 chini ya moyo, ukuta wa ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) pale husukumwa kwa karibu mmHg 8 (kizio cha presha) zaidi. Ukipanda juu ya moyo, namba hupungua kwa kiasi hichohicho. Kifundo kikilala mapajani, sentimita 20 hivi chini ya moyo, 128 halisi husomeka kama 144. Hapo mtu anaweza kuanzishiwa dawa asiyoihitaji, na hilo si jambo dogo.

Funga mkanda kwenye ngozi tupu. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote sakafuni, usikunje nne, tulia dakika 5. Weka kiwiko mezani, inua kifundo hadi usawa wa moyo na ukiegemeze juu ya mto. Mkono unaoning'inia hewani hukaza misuli na kupandisha presha. Kifundo kisikunjwe, na usizungumze. Pima mara mbili, ukipumzika dakika 1 katikati.

Zenye kitambuzi cha mkao, kinachokuonyesha kifundo kikifika usawa wa moyo, zinastahili kuongezewa pesa. Kwa mzee anayetetemeka mikono, hata hizo hatuzipendekezi.