Usimamizi wa mtaala katika shule za umma Nakuru: huduma nzuri pale afisa anapoingia darasani

Mzazi wa Kaptembwo au Olenguruone akitaka kujua ni nani anayehakikisha mwanawe anafundishwa inavyotakiwa, hakuna ofisi moja ya kumwelekeza. Mtaala huandaliwa Nairobi na KICD, taasisi ya ukuzaji wa mitaala. Mwalimu ni wa TSC, tume inayoajiri walimu. Shule yenyewe hukaguliwa na maafisa wa ubora na viwango wa Wizara ya Elimu. Mitihani na tathmini ni za KNEC, baraza la mitihani. Watoto wa PP1 na PP2, yaani madarasa ya awali, wako mikononi mwa serikali ya kaunti, kama ilivyopangwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Nakuru ina kaunti ndogo 11, kutoka Naivasha hadi Kuresoi Kusini, na TSC na Wizara kila mmoja ana mkurugenzi wake na fomu zake.

Tunachopima hapa ni kile kinachomfikia mwalimu na mwanafunzi. Uamuzi wetu ni huu: huduma hii ni bora kabisa afisa anapoketi darasani kipindi kizima na kuzungumza na mwalimu baadaye. Inapoishia kwenye kiti cha wageni katika ofisi ya mwalimu mkuu, haimfai mtoto hata kidogo.

Anayebeba mzigo mkubwa ni afisa wa usaidizi wa mtaala. Huku mashinani anaitwa CSO, na walimu wakongwe bado humwita mtu wa TAC, yaani kituo cha ushauri wa walimu. Ameajiriwa na TSC, amewahi kushika chaki, na amekabidhiwa zoni yenye shule kadhaa. Anazuru shule, anatazama vipindi, anashauri, anaandaa mafunzo ya walimu wa zoni, na pia anawatathmini walimu wakuu wa shule za msingi.

Ziara inayofaa huanza na hati nne juu ya meza: muundo wa mtaala wa gredi husika kutoka KICD, maazimio ya kazi (mpango wa muhula mzima), andalio la somo, na kumbukumbu za kazi iliyofundishwa. Hakuna haja ya kupekua faili nzima. Afisa mzoefu huchagua mada ndogo moja akaifuata katika hati zote nne. Maazimio yakiwa wiki ya 6 ilhali kumbukumbu ziko mada ya wiki ya 3, swali limepatikana: vipindi vya wiki tatu vilienda wapi? Siku hizi maazimio mengi hununuliwa mtandaoni yakiwa tayari, na mwalimu akabadilisha jina la shule tu. Yanatambulika upesi. Utaona vipindi vimepangwa hadi siku za likizo fupi ya katikati ya muhula, au vifaa vya kufundishia ambavyo shule haijawahi kuwa navyo.

Halafu afisa anaketi nyuma ya darasa. Kipindi ni dakika 30 katika Gredi ya 1 hadi ya 3, dakika 35 katika Gredi ya 4 hadi ya 6, na dakika 40 katika sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9). Asitoke katikati. Aandike ni wanafunzi wangapi tofauti waliojibu maswali, wangapi wana kitabu mbele yao, na ni dakika ngapi watoto wamefanya kazi wenyewe. Achukue madaftari matatu, moja la dawati la mbele, moja la katikati, na moja la kona ya nyuma kabisa. Atazame tarehe ya mwisho yaliposahihishwa, na kama kosa la wiki iliyopita limerudi tena na kuwekewa alama ya sahihi. Madaftari hayo matatu husema mengi kuliko kabati zima la faili, na ajabu ni kwamba maafisa wachache huyafungua.

Kuna jambo ambalo Nakuru inapaswa kuliangalia kuliko kaunti nyingi, nalo ni lugha. Sera inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na penye mchanganyiko wa makabila, kama mitaa ya Rhonda au mjini Naivasha, lugha hiyo ni Kiswahili. Mwalimu akifundisha hisabati ya Gredi ya 1 kwa Kiingereza kitupu, darasa zima huitikia kwa sauti moja, naye akadhani wameelewa. Afisa akimwita mtoto mmoja aeleze kwa Kiswahili alichofanya, ukweli utajitokeza papo hapo.

Baada ya kipindi zinahitajika dakika 15 au 20, faragha, mbali na walimu wengine. Hapa ndipo ufundishaji hubadilika. Afisa aliyefunzwa vizuri hasomi orodha ya makosa. Anasema, “Mwalimu, umeuliza maswali kumi na mawili, na tisa yamejibiwa na watoto watatu wa mbele. Kesho uliza kwanza, nyamaza kidogo, ndipo utaje jina.” Jambo moja la kubadilisha, na tarehe ya kurudi kulitazama. Mwalimu aliyepewa mambo kumi na matano hatafanya hata moja.

Mahali huduma inapokwama panajulikana, nayo ni nauli. Zoni za Kuresoi na sehemu za juu za Molo zina shule zilizotawanyika milimani, na mvua za Aprili na Mei hugeuza barabara kuwa matope ambayo hata bodaboda huyakwepa. Afisa asiye na nauli huzuru shule zilizo karibu na lami, na zile za ndani akawaita walimu wakuu kwenye mkutano. Kwa hiyo shule inayohitaji msaada zaidi ndiyo inayopata kidogo zaidi.

Tatizo hili liliwahi kupatiwa dawa, na inasikitisha kwamba dawa ile haikufanywa kuwa kawaida. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia 2015 kwa ufadhili wa Marekani, uliwapa maafisa tableti zenye programu ya Tangerine. Afisa alijaza fomu akiwa darasani, kifaa kikanasa mahali alipo, na nauli ikalipwa kulingana na ziara zilizotumwa. Juu ya hayo, alichagua wanafunzi watatu bila kupanga na kuwasikiliza wakisoma huku akipima muda kwa saa. Kigezo cha msomaji stadi kilikuwa maneno 65 sahihi kwa dakika kwa Kiingereza, na 45 kwa Kiswahili, kwa kuwa neno letu moja kama “hawatamsaidia” hubeba sentensi nzima. Afisa aliondoka akijua kama watoto wanasoma, si kama mwalimu ana faili nadhifu. Tungependa kuona kila zoni ikirudia zoezi hilo la watoto watatu. Saa ya simu na ukurasa mmoja wa kitabu vinatosha.

TPAD, mfumo wa TSC wa kutathmini walimu uliosambazwa 2016, tunaupa alama ya wastani. Kila muhula mwalimu hujipima, naibu au mkuu wa idara humtazama akifundisha na kumpima, kisha mwalimu mkuu huidhinisha mtandaoni. Sehemu yake bora ni daftari la vipindi linalojazwa na kiranja wa darasa: kipindi kipi kimefundishwa, kipi kimekosekana, kipi kimefidiwa. Kasoro yake ni kwamba tathmini ileile inatakiwa kumsaidia mwalimu na pia kutumika kumhukumu. Ni nani atakayekiri kwamba sehemu za desimali zinamshinda kuzifundisha, hali kukiri huko kunaingia kwenye rekodi ya mwajiri wake? Alama hupanda, na hitaji la mafunzo hufichika.

Maafisa wa ubora wa Wizara wana mamlaka makubwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawaruhusu kuingia shuleni kwa taarifa au bila taarifa. Wao huangalia shule kwa ujumla wake: madarasa, vyoo, usalama, usajili, ratiba. Wanakuja mara chache kuliko CSO, na mipaka ya kazi kati yao na TSC imezozaniwa kwa miaka mingi. Jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, lililotoa ripoti 2023, lilipendekeza uhakikishaji wa ubora uwe kazi ya Wizara. Kwa shule, dosari ni kwamba ripoti mbili juu ya darasa moja hukaa kwenye makabati mawili.

Tathmini za shuleni za KNEC zinahitaji jicho la karibu kuliko zinavyopewa. Matokeo ya tathmini hizo huhesabiwa katika KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi katika Gredi ya 6, pamoja na mtihani wenyewe. Kwa KJSEA, tathmini ya kumaliza sekondari msingi, KPSEA ni asilimia 20, tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 9 asilimia 60. Shule ikingoja siku za mwisho kupakia alama, mtandao huzidiwa na makosa ya kunakili huongezeka. Baya zaidi ni alama za kazi ya vitendo ambayo haikufanyika. Afisa aombe kuona kazi yenyewe: chombo kilichofinyangwa, kitalu kilichopandwa, au picha zake.

Udhaifu mkubwa kuliko yote uko sekondari msingi, iliyoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi. Naibu mwenye cheti cha ualimu wa msingi anaombwa kutazama kipindi cha Sayansi Jumuishi kinachofundishwa na mwenye shahada. Ataona nidhamu na ubao, lakini je, atagundua kwamba mlingano wa kemikali haukusawazishwa? Penye nafuu ni pale shule tatu au nne za jirani zinapowaunganisha walimu wa somo moja wakatazamana wao kwa wao, CSO akipanga ratiba. Haihitaji bajeti, ila nauli ya bodaboda na kipindi kimoja cha nafasi.

Bodi ya shule au mzazi akitaka kupima huduma anayopata, aombe kuona kitabu ambamo maafisa huandika ziara zao. Atafute tarehe, gredi, somo na jambo lililoafikiwa. Maandishi ya “nimezuru shule, kazi nzuri” yanaonyesha afisa hakuvuka mlango wa ofisi. Bodi inaweza kumwandikia mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo kupitia mwalimu mkuu, ikitaja gredi na somo linalohitaji msaada. Iombe ziara kati ya wiki ya 3 na ya 8 ya muhula, kwa sababu wiki ya kwanza ratiba bado inapangwa, na wiki mbili za mwisho ni za mitihani.