Ziara ya siku moja Ipoh: mapango na mapochopocho

Mji wa Ipoh, katika jimbo la Perak nchini Malaysia, uko kiasi cha kilomita 200 kaskazini mwa Kuala Lumpur, na treni ya umeme huufikia kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, kwa hiyo mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nilishuka katika stesheni ile nyeupe ya mwaka 1917, nikapokewa na dereva wa kampuni iliyoniuzia ziara, naye akatupeleka moja kwa moja kunywa kahawa.

Kahawa ya Ipoh huitwa nyeupe ingawa rangi yake ni ya hudhurungi. Buni hukaangwa kwa majarini pasipo kutiwa sukari, kisha kahawa yenyewe huchanganywa na maziwa mazito matamu ya kopo. Mimi niliyelelewa kwa kahawa chungu ya vikombe vidogo nilikunja uso kwa funda la kwanza, lakini kikombe sikukibakiza.

Chakula cha mchana kilinifurahisha zaidi: kuku wa kuchemsha aliyekatwa vipande na kumiminiwa mchuzi wa soya, tambi pana za mchele zinazoteleza, na sahani ya machipukizi ya choroko, mafupi na manene, ambayo hulia kachu unapoyatafuna. Wenyeji husema unene huo unatokana na maji yanayochuja katika vilima vya mawe ya chokaa vinavyouzunguka mji.

Hapo ndipo kampuni ilipokosea, kwani baada ya kutushibisha hivyo ilitupeleka Perak Tong, hekalu la Kibudha lililoanzishwa mwaka 1926 ndani ya pango, lenye ngazi ndefu zinazopanda hadi juu ya kilima, na jua likiwa la utosi. Nusu ya kundi letu waliishia chini, kwenye sanamu kubwa ya Buddha na kuta zilizochorwa, wakisikiliza kengele ambayo hugongwa kila mgeni anapotoa sadaka. Sisi tuliopanda tulifika juu tumelowa jasho, tukauona mji wote umelala chini yetu, na viwanda pia, jambo ambalo picha za matangazo hazilionyeshi.

Sam Poh Tong, hekalu jingine la pangoni lenye bwawa la kobe, tulilipita haraka. Hekalu la tatu, Kek Lok Tong, ndilo lililostahili muda mrefu, kwa kuwa pango lake ni refu, lina ubaridi, na upande wa pili hufunguka kwenye bustani yenye mabwawa na vilima pande zote. Hata hivyo, tulipewa dakika 20 tu, nami nikageuzwa kabla sijaifikia njia ya kuizunguka bustani.

Kwa chakula ninaisifu ziara hii bila kusita. Atakayeinunua aombe Perak Tong iwe asubuhi, mara tu baada ya kahawa, na kuku asubiri.