Uzoefu wangu na vidonge vya levothairoksini, baada ya kutolewa goita

Nilipasuliwa goita 2017, wakatoa upande mmoja wa tezi ya shingoni na kuniachia wa pili. Siku ya kuruhusiwa niliambiwa nitunze kidonda, basi. Hapo nawalaumu: hakuna aliyenitajia kipimo cha TSH, kile cha damu kinachoonyesha kama tezi inafanya kazi. Upande uliobaki unaweza kubeba kazi yote, ila kwa baadhi yetu huchoka polepole, hata baada ya miaka.

Wangu ulichoka. Februari, Dar ile ya jasho, mimi nimo kwenye daladala ya Mbagala na sweta, dirisha nimelifunga. Mkaka wa nyuma akashindwa kuvumilia: "Dada, fungua basi, tunaiva huku!" Uso ulikuwa unavimba asubuhi, choo kigumu, nanenepa na chakula ni kilekile. Mama mkwe akahisi mimba. Nilikwenda maabara siku niliposinzia mbele ya karai la maandazi. TSH ilikuja 18. Kwenye karatasi yao mwisho ni kama 4. Tezi ikilegea namba hiyo ndiyo hupanda, maana ubongo unazidi kuisukuma.

Nikaanzishwa levothairoksini, homoni ya tezi iliyotengenezwa kiwandani, mikrogramu 50 kwa siku, sasa niko 75. Vinasaidia, sina ubishi, ila si vya leo kwa leo: kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane. Sweta nililivua wiki ya tano.

Shida ni masharti yake. Unameza tumbo tupu, kwa maji tu, halafu unasubiri nusu saa mpaka saa nzima ndiyo unywe chai. Mimi nilikuwa nashushia na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu juu yake. TSH ikagoma kushuka. Dozi ilikuwa karibu kupandishwa tena, mfamasia akaniuliza, "Kwani unavimeza na nini?" Kumbe madini ya chuma huizuia dawa isiingie mwilini; inatakiwa vipishane masaa manne. Sasa nameza saa kumi na moja alfajiri, na vya damu nimevihamishia usiku. Kopo nimelitoa dirishani jikoni, joto huviharibu.

TSH ya mwisho ilikuwa 2.3. Kinachoniudhi ni vya 25, vya kujazia cha 50 ifike 75; duka la mtaani kwetu havikai. Nakata cha 50 katikati kwa wembe, na kila siku nusu moja inakuwa kubwa kuliko mwenzake.